Ujira wa Jioni na Mshahara wa Mwezi

Masomo: Mathayo 20:1–16, Kumbukumbu la Torati 24:14–15

Kama umeketi nyumbani, au uko jikoni, au umesimama dukani ukingoja chenji, nakuomba unipe dakika chache. Leo tutazungumza juu ya kazi, na hasa juu ya swali ambalo vijana wetu wengi wanawaletea wazazi wao na wachungaji wao: Je, nishike kibarua kinacholipa leo, au niingie kazi ya kudumu yenye mshahara mdogo na cheo cha chini kabisa?

Ukipita Matasia alfajiri, kabla jua halijaipiga milima ya Ngong, utawaona watu wamesimama kando ya barabara iendayo Kiserian. Huyu ana karai, yule ana nyundo, mwingine hana kitu ila mikono yake miwili. Wanangoja. Kila sauti ya gari inawageuza shingo. Akija fundi akisema anataka watu wanne, wanne wanapanda na waliobaki wanaendelea kungoja. Kina mama nao huzunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna nguo za kufua. Ifikapo saa nne, aliyekosa anajua kwamba siku hiyo imekwenda.

Bwana Yesu aliwajua watu hawa. Katika mfano wa shamba la mizabibu anatuonyesha wenye kusimama sokoni tangu asubuhi hadi saa ya kumi na moja, na walipoulizwa sababu ya kukaa bure walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaandika kazi. Hawakuwa wavivu. Mvivu angekuwa amekwisha kwenda nyumbani. Basi tuanze hapo: kibarua si aibu, na asiye na kazi si lazima awe mtu mzembe. Hata neno lenyewe, kibarua, kwa asili ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili kuonyesha kwamba ameandikwa kazi. Tumelizoea hata tumesahau kwamba ndani yake mna karatasi, na kwamba siku ya mtu imehesabiwa.

Sasa nitakupa mfano. Usiulize ni mtoto wa nani, kwa maana ni mtoto wa wengi. Tuseme yuko kijana Matasia mwenye miaka ishirini na miwili. Amemaliza kidato cha nne. Baba amefariki, mama anauza mboga, na dada yake mdogo yuko sekondari. Juma moja anapata milango miwili. Fundi anayejenga nyumba ya ghorofa karibu na kwao anamwambia, "Njoo uchanganye zege, nitakupa shilingi 800 kwa siku." Na rafiki wa kanisani anamletea habari kwamba hoteli moja upande wa Karen inataka mwosha vyombo kwa shilingi 19,000 kwa mwezi.

Kijana anachukua kalamu. Mia nane mara siku 26 ni shilingi 20,800. Anamwambia mama yake, "Mama, mjengo unalipa zaidi. Tena ni hapa karibu, na pesa naziona jioni." Mama anasema, "Mwanangu, nenda hoteli." Marafiki zake wanacheka: mwanamume mzima kuosha sahani za watu! Naye amekaa katikati, na karo ya dada yake haingojei.

Ndugu msikilizaji, tusikimbilie kumhubiria kijana huyu. Tumsaidie kwanza kufanya hesabu sawasawa, kwa maana Bwana mwenyewe, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba yampasa kuketi na kuhesabu gharama.

Hesabu ya kibarua ina kosa moja. Amehesabu siku 26. Lakini mvua ikinyesha, zege halimwagwi. Saruji ikiisha na mwenye nyumba hajatuma pesa, watu wanarudishwa. Msingi ukiisha, fundi anapunguza watu. Mwambie aandike katika daftari siku alizofanya kazi kweli kwa miezi miwili iliyopita. Tuseme anakuta ni siku 15 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 12,000.

Hesabu ya hoteli nayo ina makosa yake, nasi hatutayaficha. Shilingi 19,000 hazifiki zote mkononi. Mshahara huo haufikii kiwango cha kutozwa kodi ya mapato, lakini asilimia 6 inakwenda katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, yaani shilingi 1,140. Asilimia 2.75 inakwenda katika bima ya afya, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua mahali pa NHIF ya zamani. Hiyo ni shilingi 522 na senti 50. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, shilingi 285. Zinabaki shilingi 17,052 na senti 50. Sasa ongeza nauli. Kutoka Matasia mpaka Ngong, na Ngong mpaka Karen, kwenda na kurudi, tuseme ni shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 26 ni shilingi 5,200. Zinabaki shilingi 11,852 na senti 50.

Umesikia? Kwa hesabu hii, kazi ya kudumu inampa mkononi pungufu kuliko kibarua, shilingi 147 na senti 50. Wazazi wengi huwaambia watoto wao, "Shika kazi ya kudumu, ina pesa," na mtoto akienda kuhesabu mwisho wa mwezi, anaona mzazi amemdanganya. Tuseme kweli. Mara nyingi kazi ya chini ya kudumu haina pesa nyingi kuliko kibarua. Faida yake iko mahali pengine.

Kwanza, zile shilingi 1,140 za NSSF hazikupotea. Ni zake. Tena mwajiri naye anatakiwa na sheria kuongeza kiasi hicho hicho, hivyo kila mwezi shilingi 2,280 zinawekwa kwa jina lake, na kwa mwaka ni shilingi 27,360. Kibarua wa siku hana wa kumwongezea. Na bima ya afya, yule asiye na mwajiri hutakiwa kujilipia mwenyewe, na wengi huikumbuka wakati mgonjwa amekwisha kulazwa.

Pili, kuna siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, aliyeajiriwa akitumikia miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, anastahili siku 7 za kuugua kwa malipo kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu ya malipo, katika mwaka. Akimaliza miezi kumi na miwili anastahili likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo. Mama akijifungua ana miezi mitatu, na baba ana majuma mawili. Mchanganya zege akiumwa na homa Jumatatu, Jumatatu hiyo haina ujira.

Tatu, mshahara wa mwezi unafanya mtu aweze kuahidi. Mwenye mshahara anaweza kumwambia mwalimu mkuu, "Tarehe tano nitaleta," naye akaleta. Anaweza kuingia chama cha akiba na mikopo. Mwenye kibarua huahidi kwa moyo mwema, kisha mvua ikamvunjia ahadi. Siyo kwamba hana uaminifu, hana tarehe.

Lakini, mpendwa, usiende mbali mno na kusema kazi ya hoteli haitikisiki. Sisi wa upande huu tumeona yote mawili. Wakati reli ya kisasa ilipokuwa ikijengwa kutoka Nairobi kupita Ongata Rongai na Ngong kwenda Suswa, na milima ikitobolewa hapa Ngong, vijana wengi walipata vibarua. Waliolima kwa jembe waliacha, waliosoma waliacha. Oktoba 2019 reli ikafunguliwa, garimoshi likapita, na kazi ya kujenga ikawa imekwisha. Waliokuwa wameweka akiba walinunua mbuzi au pikipiki. Wengine walibaki na picha tu. Wakati huo waliokuwa na kazi katika hoteli waliwaonea huruma. Haikupita hata nusu mwaka. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukaingia Kenya, wageni wakatoweka, hoteli zikafunga milango, na watu wenye barua za kuajiriwa wakarudishwa nyumbani bila malipo au kwa nusu mshahara. Basi yuko wapi aliyesema, "Mimi nina kazi ya kudumu"? Kinachodumu ni kimoja tu, na si hoteli wala reli.

Hata hivyo kulikuwa na tofauti. Mwenye barua, akiondolewa kwa sababu kazi imepungua, sheria inataka apewe ilani ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Si wote walipewa. Lakini mwenye karatasi ana kitu cha kuonyesha, na mwenye neno la mdomo tu ana nini?

Kwa hiyo, kijana, ukienda hotelini usiulize mshahara peke yake. Uliza mambo haya. Je, nitapewa barua? Sheria inasema mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti yaandikwe. Je, muda wa majaribio ni miezi mingapi? Usizidi sita, isipokuwa wewe mwenyewe umekubali kuongezwa. Je, zamu ya usiku inaisha saa ngapi, na nitafikaje Matasia saa hiyo? Kazi nyingi za hoteli zimemshinda mtu kwa sababu ya gari la kurudi nyumbani, wala si kwa sababu ya sahani. Je, nitakula kazini? Je, sare nitakatwa? Je, nani anapima afya ya wanaoshika chakula, na nani analipia cheti? Muulize mkubwa wako kwa adabu. Mwajiri mwema hakasiriki akiulizwa.

Tena jihadhari na kazi inayoitwa ya kudumu na kumbe ni kibarua kilichovalishwa sare. Wako wanaoitwa leo kwa ajili ya harusi, kesho kwa mkutano, miezi ikapita. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku zilizofuatana zisizopungua mwezi mmoja, au aliyefanya kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi na kupewa haki zake. Wengi hawajui. Wewe jua, kisha zungumza kwa upole, ukiwa na daftari lako la siku.

Sasa tuje kwenye yale ya ndani zaidi. Wale marafiki waliocheka kuosha sahani, tuwajibu nini?

Tuwapeleke Mwanzo 18. Ibrahimu, mtu mwenye mali na watumishi wengi, aliwaona wageni watatu wakati wa jua kali. Alikimbia kuwalaki. Akaagiza maji ya miguu, akamwambia Sara aandae mikate, akakimbia tena zizini kuchagua ndama. Walipokuwa wakila, yeye alisimama karibu nao chini ya mti. Angalia mahali alipokuwa: wageni wameketi, na baba wa imani amesimama kama mhudumu. Kisha tuwapeleke Yohana 13, Bwana akiwa amejifunga kitambaa na kushika beseni. Na tena Yohana 21, Bwana aliyefufuka yuko pwani, na makaa yamewashwa, na samaki juu yake, tayari kwa wanafunzi waliochoka. Aliyeshinda mauti aliona si aibu kupika chakula cha asubuhi. Nani basi atakayemcheka mwosha vyombo?

Zaidi ya hayo, kazi hiyo ni ufundi. Nchi yetu ilifungua Chuo cha Utalii cha Kenya mwaka 1975 kwa sababu ilitambua kwamba kupika, kutandika kitanda na kumpokea mgeni ni mambo ya kufundishwa. Anayeosha sufuria huku akimtazama mpishi anasoma bila kulipa karo. Akiwa tayari anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu na kupanda. Lakini anayeosha sufuria huku akiitazama saa, miaka mitatu itapita naye atakuwa pale pale. Na haya yanamhusu mchanganya zege vilevile: NITA inawapima waashi pia. Yusufu alipokuwa katika nyumba ya Potifa, na hata gerezani, alijifunza kusimamia vitu vya mtu mwingine. Ndipo alipoitwa kusimamia nafaka ya nchi nzima hakuanza kujifunza siku hiyo.

Yako maswali mawili ambayo Mkristo hawezi kuyaruka. La kwanza ni Jumapili. Hoteli haifungwi Jumapili. Hiyo ndiyo siku yake ya wageni wengi. Sheria inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, lakini haikusema iwe siku gani. Mwombe mkubwa wako mapema, kabla ratiba haijaandikwa, akupe Jumapili moja au mbili kwa mwezi, nawe ujitolee siku nyingine ambazo wenzako hawazitaki. Siku utakayokosa ibada, usikose ushirika wa katikati ya juma. Nanyi wazee wa kanisa, msimfute katika daftari mtu anayewahudumia wagonjwa, au kulinda lango, au kupika Jumapili. Mtafuteni. Fungueni ushirika wa jioni kwa ajili yake.

La pili ni pombe. Katika hoteli nyingi mhudumu wa mezani atatumwa kuipeleka. Wako ndugu ambao dhamiri yao haiwaruhusu, na Warumi 14 inatuonya tusivunje dhamiri kwa ajili ya chakula wala kinywaji. Kama ndivyo ilivyo kwako, sema tangu mwanzo, uombe jikoni au vyumbani, ambako kazi ni nyingi. Usikubali kwanza, kisha ukaleta ugomvi mbele ya wageni. Na kama mahali penyewe panajulikana kwa mambo yanayoangusha wasichana na wavulana, basi mshahara huo usiutafute. Heri karai.

Naam, nasema heri karai, kwa maana ziko nyakati ambazo kibarua ndicho chaguo jema. Aliye na mzazi mgonjwa nyumbani anayehitaji mtu wa karibu, anaweza kushika siku mbili tatu za kibarua na kumtunza mzazi. Anayefuatana na fundi mwashi ili ajifunze kupiga jiwe na kusoma ramani, huyo hayuko katika kibarua tu, yuko darasani. Ruthu aliokota masazo mashambani mpaka mavuno ya shayiri na ngano yakaisha; ilikuwa kazi ya msimu, naye aliifanya kwa ajili ya mama mkwe wake, na Mungu alikuwamo. Swali la kujiuliza ni hili: kazi hii, nikiishika miaka mitatu, itaniacha nikiwa na nini mikononi? Ujuzi? Akiba? Jina jema? Au uchovu peke yake?

Nina neno moja la mwisho, nalo si la vijana. Ni letu sisi tunaojenga. Wengi wetu tuliomo makanisani Matasia, Ngong, Kiserian na hata Kitengela tumenunua viwanja, tukaita watu wa kuchimba, kubeba mawe na kufua. Torati, katika Kumbukumbu 24, yaamuru kwamba mfanyakazi maskini apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe juu yake, kwa sababu ameuwekea moyo. Yakobo naye anasema mshahara uliozuiliwa unalia, na vilio vya waliovuna vimefika masikioni mwa Bwana. Siku hizi pesa hutumwa kwa simu katika nusu dakika. Hatuna udhuru wa kusema, "Njoo Jumamosi." Tunapomwimbia Mungu asubuhi ya Jumapili, je, yuko mtu Matasia ambaye watoto wake walilala njaa Ijumaa kwa sababu yetu?

Na yule kijana wetu? Sitamchagulia. Ila ningemwambia hivi: kama hoteli itakupa barua, na njia ya kurudi nyumbani usiku, na nafasi ya kuabudu, pokea, hata kama mkononi utaona pungufu ya shilingi 147. Wewe unanunua tarehe, na siku ya kuugua, na mlango wa jikoni. Marafiki watacheka mwezi mmoja. Dada yako atasoma mpaka amalize. Na kama hawatakupa hayo, rudi kwa fundi, umwambie, "Nifundishe kujenga, nisibebe tu."

Tuombe.

Ee Baba, uliyetoka mara tano kutafuta wafanyakazi wa shamba lako, waangalie wanaosimama kando ya barabara asubuhi ya leo. Wape kazi, na wanaowaandika wape mioyo ya haki. Wabariki wenye kuosha, kupika na kutandika, wapate kukuona katika wageni wao. Tufundishe kuhesabu siku zetu pamoja na shilingi zetu. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.